Askari wa Damu ya Naila

Jumanne moja asubuhi, mwaka 1973, Ocen wa maabara alimaliza chai yake, akaweka tone la damu ya Naila chini ya hadubini. Naila alikuwa mwalimu wa Kurani huko Kyebando, na kwa miezi minne mguu wake wa kulia ulikuwa haumsikii. Daktari alikuwa amesema askari wa damu yake, zile chembe nyeupe, wanakula ganda la mishipa yake ya fahamu.

Askari walipomwona Ocen walipiga saluti. Ocen, mzaliwa wa kambi ya polisi, akaipokea.

"Mbona mnamshambulia mwenye nyumba?"

"Afande, sisi nafuata amri," mmoja akajibu. "Zamani homa naingia. Sisi napewa sura yake. Sasa kila mwenye sura ile, sisi nakamata."

Ocen aliandika jibu hilo kwenye fomu, akamwita Naila.

"Mwalimu, hawa wanahitaji darasa."

Naila aliinama kwenye hadubini. Alikwisha kufundisha watoto wagumu kuliko hawa. Akawaeleza kwamba ganda lile ni lake, alizaliwa nalo, kisha akawaamuru warudie. Walirudia kwa pamoja. Waliokosea aliwaanzisha upya. Darasa lilichukua siku tatu, na askari mmoja mnene akafanywa kiranja.

Ijumaa mguu ulitii. Mama yake, Bi Shamsia, akapika pilau. Naila alicheza na majirani mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, akavua vyote viwili, akaendelea.

Ocen alikula sahani mbili. Kisha akamwambia Naila kwamba wanajeshi wanakamata Waacholi, watu wa kabila lake, kwamba Jumatano walimchukua kaka yake, Ojok, na kwamba jina lake mwenyewe limo kwenye orodha.

"Umewaambia wewe ni nani?"

"Hilo ndilo kosa lenyewe, mwalimu."

Jumamosi Naila alimvisha Ocen kanzu ya kaka yake Abdulghani, akampa na jina la kaka huyo. Wakatembea hadi kituo cha mabasi, Naila akibeba sanduku na kukataa kupokewa. Njiani walicheka sana, maana kanzu iliishia magotini.

Ndani ya basi la Busia, mpakani, wanaume tisa walikuwa wamevaa kanzu zilizowabana, wakiitana kwa majina ambayo hawakuyazoea. Ocen akasogezewa nafasi.

Siku hiyo orodha ya wanajeshi iliongezewa ukurasa wa majina. Naila alipunga mkono mpaka basi likapotea, kisha akarudi Kyebando kwa miguu, akipita njia ndefu.