Kona ya Shamba Ufukweni

Irine alinikuta uani nikipukuchua maharage. Ni binti wa mradi, yule aliyepewa kazi ya kuandika historia ya ufukwe ili iwekwe kwenye kibao kikubwa getini.

"Shikamoo mama Restituta."

"Marahaba. Vuta kiti."

Akanisomea alichoandika. Ufukwe wa ziwa letu dogo la Nyakiziba, hapa Kasulo, ulikuwa pori la matete na mbu, hakukuwa na mtu, mpaka mradi ulipokuja kufyeka, kupanda nyasi na kujenga vibanda vya mapumziko.

"Kuna la kuongeza, mama?"

"Halikuwa pori. Lilikuwa shamba la baba."

Akafungua daftari. Nikamweleza huku mikono ikiendelea na kazi.

Baba yangu, Ferdinand, alilima maharage na viazi vitamu mpaka maji yanapoanzia. Mwaka 1994 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Watu walivuka mpaka kutoka Rwanda, na kwa siku chache tu vilima vyote vikawa vya bluu kwa maturubai. Ziwa lilikuwa hilo hilo moja. Humo walichota, humo walifua, humo waliogeshea watoto. Na sisi pia. Wiki ya tatu maharage yetu yalikuwa njia ya kwenda majini. Baba hakugombana na mtu. Alisema maharage hupandwa tena.

Kisha kikaingia kipindupindu. Pembeni mwa shamba alikuwa amepiga turubai mama mmoja anaitwa Nkeshimana. Asubuhi moja alikuja kwa baba amembeba mtoto wake, Keza, kamfunga kwenye kitenge, akaomba jembe. Baba hakumpa jembe. Alilibeba mwenyewe, akamchimbia yule mtoto kaburi kwenye kona ya shamba. Wengine walipoona pana mahali, nao wakaleta watu wao. Walifika kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alikuwa mdogo wangu, Aristides. Alikuwa na miaka minne.

"Mbona hamkumzika nyumbani?"

"Watu wa afya walikataza maiti kubebwa mbali."

Irine aliacha kuandika. "Hiyo kona iko upande gani sasa?"

"Pale mlipopiga vigingi vya bembea."

"Mama, mkutano wa kijiji ulikaa mara mbili. Mbona hukusema?"

"Nilikuwepo. Waliuliza mipaka ya mashamba. Makaburi hawakuuliza."

Miaka yote hiyo nilipita pale na ndoo kichwani bila kugeuza shingo. Misalaba ya miti ililiwa na mchwa, matete yakaota. Baba alikufa bila kulima tena ile kona, na hatukuwahi kuizungumzia mezani.

Kijiko, ile mashine ya mradi, kilikuwa kianze kuchimba kesho yake. Asubuhi tulikwenda na Irine. Msimamizi wa kazi, Rwekaza, alinisikiliza akiwa ameshika kofia yake ngumu.

"Dada, sikukatalii. Lakini hapa sioni hata alama."

Nikasimama kwenye jiwe jeupe lililo karibu na maji, nikahesabu hatua ishirini na nane kupanda juu, nikasimama. "Hapa ni Keza. Aristides yuko mwisho, kule."

Rwekaza alizuia mashine. Vibarua wawili wakachimba kwa majembe, polepole. Shimo lilipofika kiunoni kikatokea kipande cha kitenge, rangi imekwisha. Wakaacha kuchimba. Mmoja akapiga ishara ya msalaba. Mimi nilisubiri nilie. Machozi hayakuja. Nilisikia njaa tu, nikakumbuka kwamba sikuwa nimekunywa uji.

Jioni Rwekaza na Irine walikuja nyumbani kumwona mama. Mama yangu, Anjelika, anasikia kwa shida, kwa hiyo Rwekaza alipiga magoti karibu na sikio lake.

"Bibi, hawa wengine ndugu zao hatuwajui, utaratibu wao utachukua muda. Lakini wa kwenu tunaweza kumtoa mapema, tukamzika makaburi ya parokia. Padre amekubali."

"Peke yake?"

"Ndiyo, bibi."

"Amelala na wenzake miaka thelathini na moja. Mkimwondoa, wale watabaki na nani? Waacheni pamoja."

Basi bembea zikahamishiwa upande wa pili, na ile kona ikazungushiwa uzio mfupi wa miti. Irine alirudi akitaka majina ya kuweka kwenye kibao. Nilikuwa na mawili tu. Nkeshimana alirudi kwao Desemba ya 1996. Alikuja kutuaga, akamshika mama mikono yote miwili. Hatukusikia habari zake tena.

Siku ya ufunguzi watu walikuwa wengi. Mama hajui kusoma, nikamsomea kibao: hapa palikuwa shamba la Ferdinand; mwaka 1994 walizikwa hapa watu kumi na wawili; majina yanayojulikana ni Keza na Aristides.

"Umesoma jina lake?"

"Nimesoma."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Irine akaniuliza najisikiaje. Nikamwambia najisikia vizuri, kwa sababu alikuwa amehangaika sana. Ukweli ni kwamba kifua changu kilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha.

Watoto walikuwa wakirukaruka majini. Mama aliwatazama.

"Wanayanywa?"

"Hapana, mama. Siku hizi kuna bomba pale."

Akainama, akavua viatu, akanipa nivishike. Tangu tumzike Aristides hakuwa amekanyaga maji yale. Aliingia mpaka kwenye vifundo, akashika kitenge chake kisilowe, akasimama hapo. Nilimwacha asimame mpaka alipotaka mwenyewe kutoka.