Njoo Mbeya Leo

Kabla ya vishikwambi, kampuni yetu ya kununua mazao ilizungumza kwa redio kol. Kila siku saa moja na nusu asubuhi nilikaa mbele ya redio hapa Mbeya, nikaita vituo kimoja kimoja. Wa kwanza kujibu siku zote alikuwa Mama Sabina wa Iringa, kutoka kwenye kile chumba chake cha bati kule Mlandege.

"Kamwene, Mbeya. Mmeamkaje huko? Ovar."

Kazi ile alinifundisha yeye, kwa sauti tu, miaka miwili kabla sijamwona uso. Alinifundisha kunyamaza kidogo kabla ya kujibu, ili maneno ya mwisho ya mwenzako yafike yote. Alinifundisha pia kwamba msiba hautangazwi hewani. Vituo vyote vinasikia, na mfiwa anaweza kuwa peke yake, gunia likiwa mgongoni. Ukipata habari ya kifo, unasema tu, "Fulani aache kazi, aje Mbeya leo." Hutaji sababu. Wenzake wataelewa. Watafunga ghala na kuchagua wa kumsindikiza, na njiani watamwambia mzazi wake amezidiwa kidogo. Ukweli ataambiwa na ndugu zake, akiwa ameketi, watu wamemshika mabega.

Kwa miaka tisa nilisema maneno hayo mara kumi na moja. Majina yote ninayakumbuka.

Kisha redio zikaondolewa. Mama Sabina alistaafu, akarudi kwao Kilolo. Mimi nilibaki. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa daftari, nikiandika kila hatua kwa namba. Leo ninasimamia vishikwambi arobaini na vitatu, kuanzia Chimala hadi Mafinga. Nikiwa na neno, naliandika, nabonyeza, na ujumbe unafunika kioo chote cha kishikwambi kile. Mtu hapimi gunia hata moja mpaka aguse palipoandikwa "Nimesoma". Hapo kwangu inatokea alama ya kijani, basi. Hakuna sauti. Hata hivyo mara nyingi nikishabonyeza hubaki nimetega sikio.

Jumatano moja ya mwezi wa sita, mpunga ukiwa umepamba moto, kishikwambi cha Seni Nkuba, mnunuzi wetu wa Chimala, kiliacha kutuma vipimo. Dawa yake ilikuwa kukiunganisha na kompyuta ya ofisini. Niliandika maelezo ya mistari sita. Prisca, mkuu wa kitengo chetu, binti mwenye umri wa mwanangu wa kwanza, akayasoma akiwa amesimama nyuma yangu.

"Mzee wangu, hiyo ni barua au ujumbe?"

"Ni maelezo."

"Watu wako ghalani, vumbi tupu. Watasoma mstari mmoja. Mwite tu, akija utamweleza."

Alisema kweli. Nikafuta, nikaandika: "Seni aache kazi, aje Mbeya leo." Saa tatu na dakika tano alama ikawa ya kijani. Sikufikiri lolote. Vidole viliandika kile ambacho mdomo ulizoea.

Saa sita hivi pikapu ya Chimala ikaingia uani. Nilimtarajia Seni peke yake. Walishuka watu sita. Wanawake wawili wapepetaji walikuwa wamefunga kanga kiunoni. Jailos, mpima mizani tangu enzi za redio, alikuwa amemshika Seni mkono kama mtu anayemvusha mto. Alimketisha kwenye ngazi, kisha akanivuta pembeni.

"Pole, Lugano. Mzee ametutoka saa ngapi?"

"Mzee yupi?"

"Baba yake Seni, yupi tena? Si amelazwa hapa tangu Ijumaa?"

Nilikuwa sijui. "Jailos, nimemwita kwa ajili ya kishikwambi."

Alinikazia macho. "Kishikwambi ndiyo kinaitwa hivyo? Angeandika mtoto wa juzi tungempuuza. Wewe tunakujua! Simu yake nimemnyang'anya tangu Chimala, asije akaambiwa njiani."

Nilitamani kwenda pale kwenye ngazi na kusema, baba yako mzima. Sikuweza, kwa kuwa sikujua. Dada yake Seni, aliyekuwa akimuuguza mzee, tulimpigia mara nne na hakupatikana.

"Kaka Lugano," Seni akasema, "niambie tu. Mimi mtu mzima."

"Kosa ni langu. Nimekuita kwa sababu ya kifaa. Habari ya baba yako sina, njema wala mbaya. Twende tukamwone."

"Ndivyo wanavyosemaga," mmoja wa wale wanawake akanong'ona.

Na kweli, ndivyo tulivyokuwa tukisema. Sikuwa na neno ambalo tulikuwa hatujalitumia kuficha msiba.

Ndani ya gari, karibu na geti la hospitali, Seni alisema, kana kwamba anaongea na kioo cha dirisha, "Tangu Ijumaa sijaja. Nilisema mpunga upungue kwanza."

Tuliingia wodini kwa mstari, Seni nyuma kabisa, akiangalia sakafu. Kwenye kitanda cha tatu kutoka dirishani alikaa mzee mrefu, miguu imezidi kitanda, akinywa uji. Alitutazama mmoja mmoja, akaona kanga viunoni.

"Nani amekufa?"

Jailos ndiye aliyejibu. "Wewe, mzee. Tumekuja kukuzika."

"Basi ngojeni nimalize uji."

Wodi nzima ilicheka. Dada yake Seni, simu yake iliyoisha chaji mkononi, alicheka mpaka akajifuta machozi. Seni hakucheka. Aliketi pembeni ya kitanda, akaushika mguu wa baba yake pale kwenye kisigino, kisigino kilichopasuka kwa kufuata ng'ombe kutoka Shinyanga hadi Usangu, na hakukiachia.

"Mpunga umemwachia nani?" mzee akauliza.

"Tumefunga ghala, baba."

"Ghala limefungwa kwa ajili yangu?" Nilimwona anapendezwa na hakutaka ionekane. "Basi kaa."

Mlangoni muuguzi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mzee anaongea vizuri hivyo mchana tu; usiku huzidiwa.

Niliomba radhi kwa kila mmoja. Jailos alisema nimemtia uzee wa miaka mitano. Kisha akawachukua wenzake wakarudi Chimala, wapime kwa daftari na kalamu kama zamani. Seni alinipa kishikwambi bila kukiangalia.

Ofisini nilikiunganisha, nikafuata hatua zangu kwa namba. Dakika ishirini zikatosha. Vipimo vyote vilivyokwama vilishuka kwa mpangilio, hakuna hata kimoja kilichopotea.

Prisca akaja. "Kimepona? Seni aondoke nacho leo?"

"Bado," nikasema.

"Kesho?"

"Kesho kutwa, labda."

Aliangalia kioo kilichokuwa kinawaka pale mezani, kizima kabisa, kisha akaniangalia mimi.

"Haya, mzee wangu," akasema. "Kesho kutwa."