Sahihi ya Mwalimu

Dada yangu ana miaka sabini na mmoja na hajawahi kuvaa miwani mbele ya mtu. Anayo, tena mizuri, imefungwa ndani ya soksi kwenye droo ya nguo za ndani. Alifundisha watoto kusoma miaka thelathini na nne, mtaa mzima unamwita Mwalimu, na Mwalimu, kwa akili zake, hawezi kuonekana akiyasogelea maandishi kama anayetafuta chawa. Hebu niambie, hizo ni akili au ni ugonjwa? Ugonjwa huo ndio uliotufikisha mahakamani kugombea nyumba yake, aliyoijenga chumba kimoja kimoja, likizo hadi likizo, na hana nyingine.

Aliyemwibia tunamjua vizuri. Ni mtoto wa marehemu kaka yetu, dada alimlea tangu ana miaka sita, akamfundisha a, e, i, o, u kwenye meza yake ya kulia. Mimi namwita Pasi, maana tangu aote ndevu hajatoka nje na shati lenye kunyanzi. Alikuja asubuhi moja na bahasha, akasema ni fomu ya kuunganishiwa maji ya bomba, shangazi atie sahihi ukurasa wa mwisho tu. Nilikuwepo, nashona kifungo cha gauni. Nikamwambia dada asome kwanza. Pasi akacheka, eti shangazi ana macho ya msichana, karatasi kama ile ataisoma hata ikiwa darini. Basi, kilemba cha ukoka kikamkaa sawasawa. Dada akaishika karatasi, akaitembezea macho juu chini, akatikisa kichwa kama aliyeridhika, akasaini kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Miezi minne baadaye nyumba ilikuwa kwa jina la Pasi, na barua ya kumtaka ahame ikapitishwa chini ya mlango.

Tukaenda kwa wakili. Sitamsingizia, si mjinga yule. Ofisi yake ina kiti kizima kimoja na mafaili mpaka dirishani, lakini mtu anasikiliza. Alitueleza taratibu, kama anayemlisha mtoto uji. Kumwita mtu tapeli mbele ya jaji, alisema, si kama kumwita tapeli dukani. Hati ya madai lazima iseme alifanya nini, siku gani, kwa maneno gani, nawe uliamini nini. Usipoyaandika, usitegemee kuja kuyathibitisha baadaye. Na uthibitisho wake ni mzito kuliko wa kesi nyingine za madai. Jaji hatosheki na "inaelekea ndivyo". Kisha akaweka mezani nakala ya hati iliyohamisha nyumba.

"Mama, sahihi hii ni yako au si yako? Usiharakishe. Kesi nzima imesimama hapo."

Dada hata hakuitazama. Angeitazamaje?

"Si yangu. Ameighushi."

Wakili akauliza mara ya pili. Akasema hata kama alisaini kwa kudanganywa, kesi ipo, tena nzuri, ila ni kesi nyingine na itaandikwa vingine. Dada akajibu kwamba yeye ni mwalimu, hasaini asichokisoma. Wakili akanigeukia mimi. Mimi, mwanamke ambaye wauza nguo sokoni wananipunguzia bei niwaondokee, nikayatazama mafaili. Sikulelewa kumuumbua dada yangu mbele ya mgeni. Njiani nilimbana, akaniambia nikitaka kesi ya maji ya bomba nikafungue yangu.

Hati ya madai ikaandikwa: kughushi ukurasa wa kwanza, kughushi wa pili, kughushi wa tatu. Dada akaiapia.

Mahakamani upande wa Pasi wakamleta mtaalamu wa maandishi, mtu mpole kama nesi, na rundo la ripoti za shule ambazo dada alizisaini enzi zake. Akaonyesha mkia wa herufi ya mwisho, unavyopinda kushoto, kwenye ripoti zote na kwenye hati ya nyumba. Akasema mkono ni mmoja, hana shaka. Kisha wakili wa Pasi akampa dada hati ile asome mstari wa kwanza. Dada akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasema mwanga wa chumba hautoshi. Ilikuwa saa nne asubuhi na madirisha yote wazi. Watu wakacheka chinichini, nami nilitaka kulia na kumzaba kibao kwa wakati mmoja. Aibu ile aliyokuwa akiificha ndiyo ingekuwa ushahidi wake bora, kama tu ingeandikwa kwenye hati ya madai.

Nikaitwa mimi, nikaapa. Wakili wa Pasi akaniuliza kama nilikuwepo siku ile na kama niliona sahihi ikitiwa. Nikamtazama dada. Alikuwa amenikazia macho, yale yale yasiyoona kitu.

"Alisaini mwenyewe," nikasema. "Kijana alimwambia ni fomu ya maji, naye hakuona hata herufi moja."

Wakili wetu akasimama upesi, akaomba ruhusa ya kurekebisha hati ya madai. Jaji akamuuliza mteja wake sasa ataapa lipi, kwamba hakusaini au kwamba alisaini akadanganywa. Ombi likakataliwa.

Siku ya hukumu jaji alisema anaamini maneno yangu. Sikiliza hapo: anaamini. Lakini kughushi hakukuthibitishwa, na ulaghai wa fomu ya maji haukudaiwa, naye hawezi kumpa mtu asichokiomba. Kesi ikatupwa. Mlangoni Pasi akaniamkia, "Shikamoo shangazi," shati limenyooka, uso mkavu. Sijui mtoto huyu aliumbwa na nini.

Dada sasa anaishi kwangu, chumba cha nyuma, na wiki nzima hakunisemesha. Siku aliponisemesha nilimuuliza ilikuwaje akaachia nyumba kwa sababu ya miwani. Hakukasirika. Alikunja nguo zake mpaka ya mwisho, ndipo akajibu.

"Bora waseme Mwalimu aliibiwa, kuliko waseme alishindwa kusoma karatasi ya mtoto aliyemfundisha kusoma."

Nilimwambia huo ni upumbavu, tena upumbavu wa mtu aliyesoma, ambao hauna dawa. Akaendelea kupanga nguo.

Wageni wanakuja kumpa pole, wengi ni wanafunzi wake wa zamani, watu wazima sasa wenye vipara. Anawakalisha, anawaeleza jinsi sahihi yake ilivyoghushiwa, mpaka mkia wa ile herufi anauchora hewani. Jana mmoja wao hakuridhika. Aligeuka, akaniuliza mimi niliyekuwepo kama kweli ilighushiwa. Dada akainamisha kichwa, mikono juu ya magoti, akingoja.

Nikasema ndiyo, ilighushiwa, niliona kwa macho yangu.