Mstari wa Tatu

Kwa miezi minane rubani msaidizi aliyafunika makosa ya kapteni wake kwa adabu ya mtu anayemwondolea mgeni uzi begani. Kapteni akisahau kuwasha taa, mkono wa msaidizi ulikuwa umekwisha kufika. Akikosea kumjibu mwongozaji wa ndege redioni, msaidizi alirudia jibu sahihi kana kwamba ndiye aliyeulizwa. Shirika zima lilimwita kapteni Mjomba, lakini msaidizi alimwita hivyo kwa haki zaidi: kapteni ndiye aliyemfundisha kurusha ndege na ndiye aliyemwombea kazi.

Jumatatu, wakikaribia kutua na abiria arobaini na mmoja, msaidizi alimjaribu. Kanuni humtaka msaidizi asome orodha ya ukaguzi mstari kwa mstari, naye kapteni akitazame kila kifaa kabla ya kujibu. Mstari wa tatu ni magurudumu, na jibu lake ni taa tatu za kijani zinazoonyesha kuwa yameshuka. Aliuruka, akasoma wa nne.

"Taa?"

"Chini, tatu kijani," Mjomba alijibu, macho yakiwa dirishani.

Magurudumu yalikuwa bado tumboni mwa ndege. Msaidizi aliyashusha mwenyewe.

Walipobaki wawili katika chumba cha kubadilishia nguo, alimweleza yote bila kuzunguka mbuyu. Mjomba hakubisha. Alivua saa, akaivaa tena.

"Nipe wiki moja, mwanangu. Nitakwenda kwa daktari. Usiniaibishe mbele ya hawa watoto wa juzi."

Msaidizi alimpa wiki, kwa sharti kwamba asiruke. Walipeana mikono.

Alhamisi msimamizi wa marubani alimwita msaidizi ofisini. Mjomba alikuwa amekwisha kuketi. Mezani palikuwa na ripoti yake, iliyoandikwa Jumatatu ile ile: msaidizi hugusa vifaa bila kuagizwa, msaidizi husoma orodha kinyume. Kila fadhila ya miezi minane ilikuwa humo, na tarehe yake. Mzee aliyesahau magurudumu hakusahau fadhila hata moja.

Msimamizi aliuliza kama kweli orodha ilisomwa kinyume. Msaidizi alikiri, akaeleza sababu. Basi msimamizi, naye mwanafunzi wa mzee huyo huyo, akachukua kadi ya orodha ya ukaguzi na kuisoma kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mjomba alijibu yote bila kukosea, mikono magotini, ndani ya ofisi isiyo na gurudumu hata moja.

"Kichwa bado kinachemka," msimamizi alisema, akimvika kilemba cha ukoka. Kisha akamsogezea msaidizi karatasi ya onyo. Akitia sahihi, yangeishia hapo. Asipotia, angemwaga unga. Safari ya saa tisa alasiri hiyo ilikuwa ya Mjomba.

"Na daktari, Mjomba?"

"Daktari gani?"

Msaidizi hakuweza kujua kama ule ulikuwa uongo au ugonjwa, na kwa abiria wa saa tisa tofauti haikuwepo.

Aliiacha karatasi bila sahihi, akashuka hadi ofisi ya mkaguzi wa usafiri wa anga, akaandika ripoti yake. Sentensi ya kwanza ilisema: "Kwa miezi minane nilimsaidia kuficha." Aliweka leseni yake juu ya ripoti kabla haijaombwa.

Saa tisa ndege haikuondoka. Mjomba alikuja kwenye ukumbi wa abiria na begi lake, mkaguzi nyuma yake. Msaidizi alisimama.

"Nisamehe, Mjomba."

"Marahaba," mzee alijibu, macho yakiwa dirishani.