Friji Iliyojazwa kwa Ajili ya Wageni

"Shangazi, wageni wangu wanakuja Alhamisi," binti wa kaka yake alimwambia muuguzi wa zahanati kwenye simu. "Tafadhali usihangaike. Acha rafu zilivyo, acha friji ilivyo. Nataka waone hivyo hivyo."

"Sawa, mwanangu," muuguzi akajibu, akakata simu huku akicheka peke yake. Mtoto kalelewa huyu! Mtu mwenye adabu ndivyo anavyosema akikaribishwa: usijisumbue, nimeshakula, maji tu yanatosha. Na mwenyeji mwenye adabu huitikia sawa, kisha huenda kubandika chungu.

Yeye ndiye aliyemlea binti huyo tangu mama yake alipofariki. Sare ya shule ilikuwa moja, akawa anaifua kila jioni na kuikausha kwa pasi, ili mtoto asionekane na kola chafu mbele za watu. Sasa mtoto alikuwa mtafiti. Alikuwa ameomba ufadhili wa kufuatilia safari ya dawa, kutoka bohari ya wilaya mpaka zahanati ndogo kama hii ya shangazi yake, ajue zinapotelea wapi. Alitaka kazi hiyo ifanywe na watu wa hapa hapa, wanaozijua hizo njia na mashimo yake. Wafadhili wakasema vizuri, lakini kwanza waje wajionee.

Muuguzi alifungua friji ya dawa. Ndani kulikuwa na chupa moja ya insulini, imebaki tone la kufikia Alhamisi asubuhi. Ilikuwa ya mfagiaji wa zahanati, mama mcheshi waliyemwita Mama Ndoo, anayechomwa sindano ya sukari asubuhi na jioni. Rafu zilikuwa tupu, unaweza kulaza mtoto.

"Wageni wa mwanangu waje waone uchi huu?" akasema. "Hata kidogo."

Akaenda kwa msimamizi wa bohari. Watu walimwita Bwana Keshokutwa, maana ukimuuliza dawa zinakuja lini, jibu lake ni hilo moja. Alijiandaa kumbembeleza. Hakuhitaji.

"Kwako wewe, mama, nitakataaje?" akasema. "Nitakuazima mpaka friji ikohoe."

Na kweli, Jumatano alikuja na pikapu yake, akabeba maboksi kwa mikono yake mwenyewe, akafuta vumbi kwenye rafu kwa leso yake. Muuguzi akamletea kiti na maji ya kunywa. Kumbe mtu huyu ana moyo, akawaza, sisi tunamsema bure.

"Ila jambo moja, mama. Dawa hizi nimezitoa kinyume cha utaratibu. Mtu akikuuliza, ni zenu, mnaletewa kama kawaida. Ukinitaja, kazi yangu imeota mbawa, na nyumbani nina watoto wadogo."

"Mdomo nimeushona, baba. Usiwe na wasiwasi."

Alhamisi wageni wakafika, watatu, wakiongozwa na mama mmoja mpole wa miwani. Bwana Keshokutwa naye alikuwepo, amekuja, alisema, kusalimia tu. Mama Ndoo alikuwa amepiga deki mpaka sakafu ikawa kioo. Mtafiti aliingia wa mwisho. Alipoziona rafu, alisimama mlangoni kama aliyekosea nyumba.

Mama wa miwani akafungua friji. Chupa za insulini zilikuwa zimepangwa safu kwa safu.

"Hongereni," akasema. "Hospitali kubwa ngapi hazina hivi?"

"Wiki iliyopita nilikuwa hapa," mtafiti akasema haraka. "Friji hii haikuwa na kitu. Hizi zimeletwa." Akamgeukia muuguzi. "Shangazi, waambie zimetoka wapi."

Bwana Keshokutwa aliinamisha kichwa, akaanza kukunja leso yake. Ile leso iliyofuta vumbi. Muuguzi akawakumbuka watoto wadogo wa mtu huyu, akakumbuka na neno alilompa. Na tuseme ukweli, aliona aibu pia.

"Ni zetu," akasema. "Tunaletewa kama kawaida."

"Na wiki iliyopita?" mama wa miwani akauliza.

"Zilikuwepo."

Mama wa miwani akafunga friji taratibu. "Binti," akasema, "fedha zetu ni kidogo na wenye shida ni wengi. Hatuwezi kumpa mtu anayebuni shida." Hakuwa mkali. Hata alimshika bega aliposema.

Wageni walipokuwa wanapanda gari, mtafiti alirudi ndani.

"Nilikwambia uache ilivyo."

"Nilidhani unanihurumia nisisumbuke, mwanangu. Sikutaka uone haya."

"Sikuwa naona haya. Nimeanza leo." Akachukua mkoba wake juu ya meza. Macho yalikuwa makavu. "Kwaheri, sista."

Sista ni neno ambalo wagonjwa humwita muuguzi wasiyemjua.

Vumbi la gari la wageni lilikuwa bado hewani pikapu iliporudi nyuma mpaka mlangoni. Bwana Keshokutwa alipakia maboksi huku akipiga mluzi.

"Niachie chupa moja," muuguzi akasema. "Moja tu, ya Mama Ndoo. Ana sindano ya jioni."

"Zinakwenda hospitali ya wilaya, mama. Zimehesabiwa."

"Nimekufichia siri mbele ya mwanangu!"

"Na umenipumzisha kweli kweli." Alikuwa anafunga kamba, wala hakugeuka. "Yule binti yako angekaa getini kwangu miaka mizima, anahesabu kinachoingia na kinachotoka. Nilikuwa silali. Nikawa nawaza nitamkwepaje, wewe mwenyewe ukaja ukapiga hodi."

Muuguzi akamfuata mpaka kwenye mlango wa pikapu. "Zetu zitakuja lini?"

Akacheka, akapanda pikapu. "Keshokutwa."

Jioni Mama Ndoo aliegemeza fagio lake mlangoni, akaketi kwenye benchi, akakunja mkono wa gauni.

"Leo tumewaweza wageni, mkuu wangu! Yule wa miwani kaniambia sakafu yangu inateleza kama samli. Mimi nikamwambia, kanyaga taratibu, usije ukatuachia kiuno." Akacheka mwenyewe. "Haya, nichome nikapike. Na leo usiniambie habari za kubana dozi. Nimeiona friji ilivyonona."

Muuguzi akafungua kabati. Pamba ilikuwepo. Spiriti ilikuwepo. Akalowesha pamba, akamwinamia Mama Ndoo, akaanza kumfuta mkono polepole, kwa uangalifu, kama anavyofanya siku zote ili sindano isimuume.

"Mbona leo unafuta sana?" Mama Ndoo akauliza. "Nimechafuka hivyo?"

Muuguzi aligeuza pamba upande wa pili, akaendelea kufuta.