Kitambaa Juu ya Tangi

Ezron alikuja na futi yake siku ya Jumatatu, akapima tangi la samaki la mama yake urefu na kimo kabla hata hajamaliza kusalimia.

"Maandazi yangu mia ya kuuza yanaenea humu," akasema. "Nikiliwekea mlango, madereva wa malori watayaona toka mbali."

"Humo ndani mna wenyewe," akajibu mama yake, Bibi Tabita, akaendelea kuchambua maharage.

Wenyewe walikuwa samaki wawili wa rangi ya dhahabu, ila siku hiyo ungelazimika kubandika pua kwenye kioo ndipo uwaone. Utelezi wa kahawia ulikuwa umetanda kwenye kioo, kwenye mawe na hata kwenye mashine ya kuchuja maji, kama ukoga wa chai ndani ya birika lisilosuguliwa.

Tangi hilo alilinunua miezi miwili nyuma, nyumba moja ya wageni hapo Tunduma ilipofungwa na vitu vyake kuuzwa uani. Wenzake walifuata vitanda na magodoro. Yeye alisimama mbele ya samaki mpaka akasahau kwamba magoti yanamuuma. Mbuzi wake wote waliishia kwenye karo, cherehani yake ikaishia kwenye harusi ya Ezron, na wala hakujutia. Lakini katika miaka yake sitini na minane, hicho kilikuwa kitu cha kwanza alichokinunua kwa sababu tu kilimpendeza.

Akakitunza kama kila kitu cha thamani kinavyotunzwa sebuleni. Redio ilikuwa na kitambaa cha kufuma, makochi yalikuwa na vya kwao, na tangi nalo akalifumia kitambaa cheupe kilichoning'inia pande zote mpaka chini. Kila Jumamosi alimwaga maji yote, akasugua mawe kwa sabuni ya unga, akafua sponji ya mashine bombani mpaka ikatakata. Ikifika Jumatano utelezi umesharudi. Samaki walikuwa watatu. Baada ya usafi wa tatu wakabaki wawili.

"Mama Ezron," jirani yake Elina alimtania bombani, "hao samaki wako siku hizi wanakunywa chai? Sisi tunagombea ndoo, wewe unaogesha kitoweo!"

Foleni nzima ikacheka. Lakini ni Elina huyo huyo aliyembebea ndoo ya pili mpaka mlangoni, na Bibi Tabita hakulisahau hilo.

Sasa Ezron akakunja futi. "Mama, uchafu huu utakuletea maradhi. Jumapili ya wiki ijayo nakuja na mkokoteni. Nikilikuta safi, sisemi neno. Nikilikuta hivi, nalichukua."

"Njoo," akasema mama yake.

Kesho yake alimfuata sokoni Justina, aliyekuwa mfanya usafi wa ile nyumba ya wageni, ambaye sasa aliuza maharage ya Isongole. Justina alimwachia mwenzake meza wakati wateja wamejaa, akaja kwa miguu, hakutaja hata nauli. Alipofika sebuleni alicheka mpaka akashika ukuta.

"Bibi! Umewafunika kama redio?"

"Vumbi, mwanangu."

"Huu utelezi unapenda kiza! Na sponji unaifua kwa kitu gani?"

"Sabuni. Bombani."

"Ndiyo hapo. Ndani ya sponji mna vijidudu vyema vinavyosafisha maji. Unaviua kila Jumamosi, basi tangi linazaliwa upya kila Jumamosi, na utelezi huu ni ugonjwa wa tangi changa. Futa kioo kwa kitambaa kisicho na sabuni. Toa robo ya maji, sponji uikamulie kwenye hayo unayoyatoa. Maji mapya yalale kwanza siku nzima kwenye ndoo. Halafu uvumilie."

"Kuvumilia hunifundishi wewe," akasema Bibi Tabita.

Walipunguza maji, wakamwita Elina, na wanawake watatu wakalisogeza tangi karibu na dirisha, mahali penye mwanga ambapo jua haligusi. Kila asubuhi Bibi Tabita alifuta kioo taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Maji aliyoyatoa aliyamwagia mboga zake za chainizi nyuma ya nyumba, zikanona. Ndoo zake za Jumamosi zikapungua kutoka nne hadi moja, na foleni ikakosa la kucheka.

Jumapili ile ya ahadi Ezron akaja na mkokoteni. Aliinama mbele ya tangi. Kioo kilikuwa cheupe, samaki wanang'aa, lakini mawe mengi bado yalikuwa ya kahawia.

"Mawe bado, Mama. Na tulikubaliana."

Bibi Tabita aliyatazama mawe. Kweli, yalikuwa bado.

"Tulikubaliana," akasema, "na hapo ndipo nilipokosea. Hata likiwa jeusi kama sufuria ya kuni, ni langu. Umeniona lini nikija kwako kupima kitanda chako?"

Ezron akaliinamia tangi tena. Samaki mwenye mkia mrefu akapita mbele yake, akageuka, akapita tena. Ezron akamfuata kwa macho.

"Basi, Mama," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Nisamehe."

Mama yake akaingia chumbani, akatoka na kile kitambaa cheupe, kimefuliwa na kupigwa pasi.

"Chukua. Maandazi ndiyo yanayotaka kufunikwa."

Mkokoteni ukatoka uani na kitambaa peke yake juu yake. Bibi Tabita akakunja mkono wa gauni, akatumbukiza mkono majini, akatoa jiwe la kwanza, akaanza kulifuta bila sabuni.