Mwenye Bakuli Dogo

Kila siku ya kumkumbuka Baba, Mama huweka mezani mabakuli mawili ya wali, kubwa na dogo. Kubwa ni la Baba. Nikiuliza dogo ni la nani, hunijibu, "Kata figili, acha umbea." Nimekulia naye hapa Los Angeles na nywele zangu zimeanza kuingia mvi, lakini Mama kwa kuficha mambo hana mpinzani. Hilo halijawahi kunifurahisha.

Mwaka huu nilipitia dukani kwa Bwana Pyo nikanunua mapichi yaliyoiva vizuri, nikayapanga kwenye meza ya tambiko, mbele ya picha ya Baba. Pilipili na kitunguu saumu nilijua haviwekwi. Kwamba mapichi nayo ni mwiko, hilo lilinipita kabisa.

Mama alitoka jikoni, akapiga yowe. Aliyazoa yote akayatupa kwenye sinki.

"Una wazimu wewe? Mapichi yanafukuza wafu! Ataingiaje?"

"Baba hakuwahi kuogopa tunda, Mama. Alikuogopa wewe tu."

"Simsemi baba yako! Yule bado mtoto, ataogopa, atarudi njiani peke yake..."

Akaziba mdomo. Alikuwa amechelewa.

Kwa mila zetu mtoto akifa hatengewi meza ya tambiko. Kumbe miaka yote alikuwa akimpenyeza kwenye meza ya Baba.

"Mtoto gani?" nikauliza.

Mama alikaa chini, mikono bado inanata maji ya mapichi. "Binti yangu. Baba yako alikuwa ametangulia huku. Viza zikatoka, ya kwangu na ya mtoto. Kabla hatujasafiri mtoto akashikwa na homa, hakuamka. Mdogo wangu kule alikuwa na mabinti wanne na hana cha kuwalisha. Nikamchukua mmoja, wa umri uleule."

"Mimi."

"Wewe."

"Na huyo aliyekufa aliitwa nani?"

"Viza ilikuwa na jina lake, mwanangu. Ningekuita nani tena?"

Nari. Jina langu lilikuwa lake. Nililitazama bakuli lile nikaona baridi imenishika miguu. Nilikuwa na hasira, ndiyo, lakini zaidi niliogopa kama mtoto. Nilitaka kitu kimoja tu: aniambie kwamba mimi ni wake.

Aliinuka, akasimika kijiko kwenye wali wa bakuli dogo kumkaribisha mlaji, akaenda kufungua mlango wa koridoni ili wafu wetu waingie. Ilikuwa Agosti, jua halijazama, na bado hewa iliyoingia ilikuwa ya baridi.

"Nari," akaita, kwa sauti ileile aliyoniitia chakula nilipokuwa mdogo. "Njoo ule, mama."

"Abee, Mama," nikaitika, mdomo umeitangulia akili.

Tuliitika wawili; sauti ya pili, ya kitoto, ilitoka koridoni. Mama hakunigeukia. Aliinama pale mlangoni, akatanua mikono, na sijawahi kumwona akitabasamu vile.